Pesa Yako Inafanya Kazi Gani?

Ndugu wasomaji, leo tuzungumze habari ya pesa. Siyo ile ya kununua chumvi na sabuni. Tunasema ile inayobaki. Mavuno yakiwa mazuri, kitu kinabaki. Ukiuza mbuzi wawili, kitu kinabaki. Kikundi kikigawana mwisho wa mwaka, kitu kinabaki. Ni kidogo, lakini kipo.

Pesa hiyo ukiiweka mahali ili izae, umewekeza. Na pesa iliyowekezwa haikai bure. Inafanya kazi. Inaweza kupanda mti, na inaweza kukata mti. Inaweza kuvuta bomba la maji, na inaweza kukausha chemchemi. Inaweza pia kuingia mfukoni mwa tapeli, ikaishia huko huko. Mwenye pesa asipouliza, hatajua.

Katika makala hii tutaeleza mambo mawili. La kwanza ni elimu ya fedha, yaani kujua hesabu na kujua sheria. La pili ni kujali maji, miti na ardhi yetu. Tutaona kwamba mtu mwenye jambo moja tu kati ya hayo mawili anaweza kuumia. Anayefaidika ni yule mwenye yote mawili.

MAJIRANI WATATU

Tuchukue mfano wa Kwa Mrombo, kusini mwa jiji la Arusha. Wengi mnapafahamu kwa nyama choma. Huu ni mfano tu, tumeutunga sisi, lakini watu wa namna hii wapo kila mahali. Tuseme pana majirani watatu, na kila mmoja ana laki tano mkononi.

Jirani wa kwanza ni mchoma nyama. Hesabu anazijua sana. Ukimwambia habari ya miti anacheka. "Mimi siyo bwana miti," anasema. Anatoa laki tano zake kwa mfanyabiashara wa mkaa, ili auziwe mkaa kwa bei ya chini. Mwaka wa kwanza anapata faida. Mwaka wa pili mkaa unatoka mbali zaidi, kwa sababu miti ya karibu imekwisha. Nauli inapanda, bei ya gunia inapanda. Mwaka wa tatu ile faida imeliwa yote. Pesa yake imesaidia kumaliza kitu kile kile kinachomlisha.

Jirani wa pili ni mama muuza mboga. Yeye mambo ya maji anayajua, maana mfereji ukikauka hana mchicha wa kuuza. Anaupenda mlima. Siku moja kijana nadhifu akapiga hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Mama, sisi tunapanda miti tuuokoe mlima. Ukitoa laki tano leo, baada ya miezi minne tunakurudishia laki nane na nusu."

"Mlima wetu huu huu?"

"Huu huu mama. Ila nafasi zimebaki chache. Tuma hela kwenye namba hii ya simu."

Mama akatuma. Hakuuliza shamba liko wapi. Hakuuliza ile laki tatu na nusu ya faida itatoka kwenye mti gani. Ndugu wasomaji, mti wa miezi minne ni mche tu. Hauna mbao, hauna nguzo, hauna hata kuni. Sasa faida itatoka wapi?

Jirani wa tatu ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Anaupenda mlima kama yule mama. Anapiga hesabu kama yule mchoma nyama. Kijana yule alipofika kwake, aliulizwa maswali matano, akaaga mapema.

Hivi ndivyo mambo yalivyo. Kujali mazingira kunakupa nia ya kuweka pesa mahali pema. Kujua fedha kunakuwezesha kupatambua mahali hapo. Nia bila hesabu, unatapeliwa. Hesabu bila nia, unakula mbegu.

Wapo pia wengi ambao wana nia, lakini hawawekezi kabisa. Wanaogopa. Wanasikia maneno "hisa", "riba", "hatifungani", wanadhani ni mambo ya wakubwa. Kuogopa usichokijua siyo vibaya. Vibaya ni kukaa na woga huo miaka yote bila kuuliza. Hebu tuyafungue maneno hayo moja moja.

KWANZA TUJUE MAJI YANATOKA WAPI

Mlima Meru una urefu wa zaidi ya meta 4,500. Misitu yake inashika mvua na ukungu. Maji yanazama ardhini polepole, kisha yanatokea kwenye chemchemi. Mito ya Themi na Nduruma inaanzia huko. Wazee wetu, Wameru na Waarusha, walichimba mifereji tangu zamani, wakagawana maji kwa zamu ili migomba na mahindi yapate kunywa.

Maji hayo hayaishii kwetu. Yanaingia mto Kikuletwa, yanafika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yanafuata mto Pangani hadi baharini. Njiani yanazungusha mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani. Kwa hiyo mti uliosimama Meru una kazi hata Tanga.

Lakini kupata maji safi ni gharama. Maji ya maeneo mengi ya huku yana madini mengi ya floridi. Ndiyo maana meno ya watu wetu wengi yana rangi ya kahawia, na maji yakizidi sana madini hayo, hata mifupa hudhurika. Kupata chanzo kisicho na floridi, kulaza mabomba na kujenga matangi kunataka mtaji mkubwa. Mtaji huo hutoka kwenye kodi na mikopo. Siku hizi upo mtaji mwingine: pesa ya wananchi wenyewe. Habari yake inakuja.

PESA YA SANDUKUNI

Wengine husema, "Mimi sitaki mambo mengi. Pesa yangu iko sandukuni, salama." Je, ni salama kweli?

Kati ya mwaka 2023 na 2025, bei za vitu hapa Tanzania zilipanda kwa asilimia 3 hadi 4 hivi kwa mwaka. Tuseme bei zinapanda kwa asilimia 3 na nusu kila mwaka. Bidhaa unazonunua leo kwa shilingi 500,000, baada ya miaka 5 zitataka karibu shilingi 594,000. Ukifungua sanduku utakuta laki tano zako zote zipo, hata noti moja haikupotea. Lakini hazitoshi kununua zilichonunua mwanzo. Zimepungua nguvu.

Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuwekeza. Siyo tamaa. Ni kulinda jasho lako.

HATIFUNGANI NI NINI?

Hatifungani ni mkopo. Lakini safari hii anayekopesha ni wewe. Anayekopa ni serikali, benki au shirika. Anakuandikia ahadi: nitakulipa riba kiasi hiki kila mwaka, na baada ya miaka kadhaa nitakuwa nimekurudishia pesa yako yote. Ahadi hiyo inasimamiwa kwa sheria.

Hatifungani ya kijani ni ile ile, ila ina sharti moja zaidi. Mkopaji ametamka kwamba pesa itatumika kwa kazi za kulinda mazingira, kama vile maji, umeme wa jua, au kilimo kisichoharibu ardhi. Tena anatakiwa kutoa taarifa ya jinsi alivyoitumia.

Hapa Tanzania jambo hili limekwisha kufanyika. Mwaka 2023 Benki ya CRDB iliuza hatifungani ya kijani ya miaka 5, yenye riba ya asilimia 10.25 kwa mwaka. Benki ilitafuta shilingi bilioni 40. Zilipatikana zaidi ya bilioni 171. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya miaka 10, yenye riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Ilitafuta shilingi bilioni 53.12 za kupanua huduma ya maji. Kiasi hicho kilipatikana na kuzidi kidogo. Hatifungani zote mbili ziliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Tupige hesabu. Asilimia 10.25 maana yake ni shilingi 10 na senti 25 kwa kila shilingi 100. Mtu aliyeweka 500,000 anapata riba ya 51,250 kwa mwaka. Siyo utajiri. Lakini ni zaidi ya kupanda kwa bei, na sanduku lisingempa kitu.

Habari ya Tanga ina funzo zaidi. Maji ya mji ule yanatoka mto Zigi, ambao chanzo chake ni misitu ya Amani katika milima ya Usambara Mashariki. Huko juu wapo wakulima. Wakilima hadi ukingoni mwa mto, udongo unateremka, bwawa la Mabayani linajaa tope, na mji unapata shida. Kwa hiyo Mamlaka ya Maji imeshirikiana na umoja wa wakulima hao, uitwao UWAMAKIZI, katika kutunza chanzo. Hapo unaona wazi kwamba hesabu ya fedha na hesabu ya msitu ni moja. Msitu ukifa, maji yanapungua. Maji yakipungua, ankara zinapungua. Ankara zikipungua, riba ya aliyekopesha italipwa na nani?

Lakini tusidanganyane. Hatifungani nayo ina mambo yake. Pesa inafungwa kwa miaka. Ukiihitaji mapema, inabidi umpate mtu wa kuinunua hatifungani yako kwa kupitia dalali wa soko la hisa, na huenda ukapata pungufu. Mkopaji naye anaweza kushindwa kulipa, ingawa sheria inambana. Kwa hiyo usiweke hela ya ada, wala ya matibabu, wala ya mbegu za msimu ujao. Na usikope ili uwekeze.

MBEGU ISIYOOTA

Sasa turudi kwa yule kijana nadhifu. Mchezo wake si mgeni.

Hadi mwaka 2009 palikuwa na DECI. Watu walitoa pesa, wakaita "kupanda mbegu". Waliahidiwa "kuvuna" mara kadhaa ya walichopanda. Maneno matamu, ya shambani na ya kanisani. Lakini shamba halikuwapo. Aliyevuna alilipwa kwa pesa ya aliyepanda nyuma yake. Serikali ilipoingilia, wengi walikuwa wamepanda na hawajavuna. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake.

Ikaja kampuni ya Mr. Kuku Farmers. Hii iliahidi faida ya asilimia 70 kwa miezi 4, ati kutokana na ufugaji wa kuku. Mwaka 2020 mahakama ile ile ilimtia hatiani mkurugenzi wake.

Tuipime ahadi hiyo kwa kalamu. Uweke 100,000. Baada ya miezi 4 ni 170,000. Uiache pale pale, baada ya miezi 8 ni 289,000. Baada ya mwaka ni 491,300. Baada ya miaka miwili ni zaidi ya milioni 2 na laki 4. Baada ya miaka mitatu ni zaidi ya milioni 11. Yaani laki moja imekuwa milioni 11 kwa miaka mitatu! Kama kuku wanafanya hivyo, kwa nini mwenye kampuni ahangaike kutafuta laki moja yako? Si angefuga mwenyewe?

Angalieni jambo hili vizuri. Waliodanganywa hawakuwa wajinga. Walipenda kilimo, walipenda ufugaji, walipenda dini yao. Tapeli huangalia unapenda nini, kisha anavaa nguo ya kitu hicho. Leo watu wanapenda mazingira. Basi atavaa majani.

SIYO KILA KIJANI NI KIJANI

Hata pasipo na tapeli, uliza kwanza. Mtu anaweza kusema "ninapanda miti" na ikawa kweli. Lakini ni miti gani, na wapi? Mikaratusi iliyopandwa karibu na chemchemi inakunywa maji mengi. Kwa macho ni kijani, kwa chemchemi ni kiu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za watu zinazoharibu ndani ya meta 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Mradi unaovunja sheria hiyo si wa kijani, hata ungepakwa rangi.

Tena, mradi mzuri kwa mazingira unaweza kukwama. Kule Amani wakulima walifuga vipepeo na kuwauza nje ya nchi. Kazi haikudhuru msitu, na ilileta pesa. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na biashara ile ikasimama. Wakulima hawakukosea kitu. Lakini aliyekuwa na pesa yake yote katika vipepeo aliumia. Ndiyo maana wazee wanaonya tusiweke mayai yote katika kapu moja.

TUANZIE NYUMBANI

Usidhani kuwekeza ni mpaka uende benki. Tuseme mama ntilie anatumia mkaa wa shilingi 3,000 kwa siku. Ananunua jiko banifu kwa 40,000. Jiko hilo linapunguza mkaa kwa theluthi moja, hivyo anaokoa 1,000 kila siku. Siku ya 40 jiko limerudisha bei yake. Kuanzia siku ya 41, ile 1,000 ni faida, na miti imepumua. Bei za kwenu zinaweza kuwa tofauti. Weka namba zako, upige hesabu yako.

Vikundi navyo vina nguvu. Watu 20 wakitoa 25,000 kila mmoja, wanapata laki tano. Huko Zanzibar, mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la CARE lilisaidia watu wanaoishi karibu na msitu wa Jozani kuanzisha vikundi vya kuweka na kukopa. Nia ilikuwa wapate mtaji wa kazi nyingine, wasiutegemee msitu peke yake. Kikundi chenu kinaweza kuweka sharti kama hilo: mkopo wa kitalu cha miche, wa mizinga ya nyuki au wa majiko banifu upewe nafasi ya kwanza. Lakini kikundi kisajiliwe, kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavyotaka. Mwulizeni ofisa maendeleo ya jamii wa kata yenu.

MASWALI MATANO KABLA YA KUTOA PESA

1. Faida inatoka wapi? Aeleze kwa maneno ambayo hata mtoto ataelewa. Akishindwa, acha.

2. Nani amempa kibali? Benki na wakopeshaji wanasimamiwa na Benki Kuu. Hatifungani, hisa na vipande vinasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Cheti cha kusajili kampuni peke yake siyo kibali cha kukusanya pesa za watu.

3. Pesa inakwenda wapi? Iende kwenye akaunti ya benki yenye jina la taasisi, upewe na stakabadhi. Isiende kwenye simu ya mtu.

4. Nikiitaka mapema, itakuwaje? Na mambo yakiharibika, nitapoteza kiasi gani?

5. Maji, miti na ardhi vitapata nini? Nani atakagua, na tutaonyeshwa taarifa lini?

Mtu mwaminifu atafurahi kuulizwa. Anayekuharakisha, mwage.

MANENO YA KUKUMBUKA

Mtaji: pesa ya kuanzia kazi.
Riba: malipo ya ziada anayotoa aliyekopa.
Hisa: sehemu yako ya umiliki katika kampuni au kikundi.
Kipande: sehemu yako katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kama ule wa Umoja ulioanzishwa mwaka 2005.
Hatifungani: hati ya kukopesha, yenye riba na muda maalumu.

MJADILIANE KIKUNDINI

1. Katika kijiji chenu, ni biashara gani inaleta pesa leo lakini inamaliza maji au miti ya kesho? Mngefanya nini badala yake?

2. Mtu anaahidi asilimia 20 kila mwezi. Ukiweka 50,000 na kuiacha yote, itakuwa ngapi baada ya miezi 12? Pigeni hesabu, kisha semeni kama mnamwamini.

3. Kati ya majirani watatu wa Kwa Mrombo, wewe unafanana na yupi? Unahitaji kujifunza nini zaidi, hesabu au habari za chanzo cha maji?

Anayejua kusoma amsomee jirani yake ambaye bado hajajua. Yule kijana nadhifu huenda akapiga hodi kwake kesho.